Waya Aliouchomoa Nyanjige

Mboje alikuwa fundi wa simu. Hilo tuliweke wazi mapema, maana yeye mwenyewe hakuliweka wazi, na ndiko balaa lilikoanzia. Kibanda chake karibu na stendi ya Bariadi kilikuwa na bango lililoandikwa FUNDI SIMU, KOMPYUTA NA VIFAA VYOTE. Katika hayo matatu, la kwanza alilijua vizuri sana, la pili kiasi, la tatu lilikuwa la kuitia wateja tu. Kioo cha simu alikibadilisha huku anapiga soga. Kompyuta ikiletwa alijua kuipiga window, kuisafisha virusi na kuiongezea memori, basi. Linux, ule mfumo mwingine wa kompyuta usio window, aliiona chuoni Mwanza mara mbili, na mara zote mbili mwalimu alikuwa amesimama nyuma yake.

Lakini alikuwa ameoa kwa Mwalimu Ndalahwa wa Nkololo, na ukweni, jamani, nani anataka kuonekana hajui? Mkewe Precious alikuwa binti wa mwisho wa mzee huyo. Tangu siku ya mahari watu wa kule walimwita Mboje "mkwilima wetu mtaalamu", yaani mkwe, naye aliupokea huo utaalamu kama alivyopokea soda, kwa mikono miwili na bila kuuliza una nini ndani.

Mzee Ndalahwa alistaafu ualimu akiwa na kazi moja kichwani: kamusi ya Kisukuma. Aliandika kwa mkono, kwenye madaftari, kwa mwandiko mbaya ajabu kwa mtu aliyefundisha watoto mwandiko. Binti yake mkubwa, Nyanjige, ndiye aliyekuwa anachapa kwenye kompyuta. Nyanjige aliishia darasa la saba, akaolewa, ndoa ikavunjika, ng'ombe wakarudishwa, naye akarudi kwa baba yake. Unajua mwanamke akirudi namna hiyo anavyoangaliwa. Chumvi ikizidi kwenye mboga ni yeye, mbuzi akipotea ni yeye. Ila kwenye ile kompyuta alikuwa na kiti chake. Ni yeye peke yake aliyeweza kusoma ule mwandiko, na kwa miaka kumi na moja, akishafua, akishapika, akishatoka shambani, alikaa pale akachapa neno baada ya neno: majina ya ng'ombe kwa rangi zao, majina ya udongo, michembe na matobolwa, vile viazi vitamu vikavu, na namna ya kuvikausha.

Kompyuta yenyewe waliiacha vijana wa kujitolea waliowahi kufundisha shuleni kwa mzee. Walikuwa wameiwekea Linux ya enzi zile, na ilifanya kazi bila kusumbua mtu. Tatizo likaja pale wachapishaji wa Mwanza walipokubali kuitazama kamusi na kutaka itumwe kwa barua pepe. Mashine ilikuwa imezeeka. Kila tovuti mzee aliyoifungua iliikataa. Flashi ya mwisho iliyobaki nyumbani ilikuwa na nakala ya miaka mingi nyuma, iliyoishia herufi K.

"Mkwe," mzee alimwambia Mboje, "wale vijana walisema inawezekana kuweka mfumo mpya pembeni ya huu wa zamani. Ukiwasha, unaulizwa unataka upi. Huu wa zamani nisiupoteze, kazi yangu yote imo humo. Unaiweza hiyo?"

Hapa ndipo mtu mwenye akili angesema, baba, nipe wiki nikaulize. Mboje akacheka kidogo, kile kicheko cha fundi.

"Hiyo ni kazi ndogo, baba. Jumamosi nakuja."

Jumamosi akaja na flashi yenye Linux mpya aliyopakua usiku kucha. Nyumbani kulikuwa na shughuli zake. Mama mkwe, Mama Mektilda, alikuwa jikoni, na huko ndiko alikobaki, kwa sababu kwa Wasukuma mama mkwe na mume wa binti yake hawazoeani. Hawakai kiti na kiti, hawali pamoja, salamu yao ni ya mbali, na likitokea neno linapitia kwa mtu mwingine. Katika miaka sita ya ndoa Mboje hakuwahi kusikia kutoka kwa mama yule zaidi ya "mwadila", ile salamu ya mchana. Mzee alikaa sebuleni karibu na kompyuta, mikono magotini, anaangalia kila kitu. Nyanjige alikuwa anaingia na kutoka, anapiga pasi shati la baba yake la kanisani.

Mboje akachomeka flashi, akaanza, bila hata kuinakili kamusi pembeni kwanza. Maswali yakaja kwenye skrini kwa Kiingereza, akawa anabonya "endelea" kwa haraka, kwa sababu mzee anatazama, na fundi anayesoma kila mstari anaonekana mwanafunzi. Lilipofika swali la wapi mfumo mpya ukae, alisita. Akachagua. Alichagua nini hasa? Hata yeye hakuwa na hakika. Akabonya.

Kazi ilipofika katikati, skrini ikazima ghafla. Nyanjige alikuwa ameshika plagi mkononi. Pasi ilikuwa imepoa, alitaka nafasi ya kuichomeka tena, ekstensheni ilikuwa na plagi nne zinazofanana, na yeye akachomoa isiyo yenyewe.

"Ee! Samahani, shemeji! Samahani, nilidhani ni hii ya redio."

"Dada, jamani!" Mboje akasema, na mzee akasonya. Plagi ikarudishwa. Mboje akaanza upya mwanzo mpaka mwisho, safari hii bila matatizo. Kazi ikaisha, akazima, akawasha.

Hakukuja swali la unataka upi. Mashine ilinyoosha moja kwa moja kwenye mfumo mpya, picha nzuri ya milima, saa pembeni, kila kitu kinang'aa. Akazima, akawasha tena. Milima ileile.

Akafungua diski, akatafuta, akaliona folda lenye jina la mzee. Akashusha pumzi. Akalifungua. Ndani hakukuwa na kamusi. Kulikuwa na mafaili mawili tu yasiyoeleweka, moja likiwa na jina la kumtaka mtu asome. Akalifungua hilo, akaona Kiingereza kwa herufi kubwa, akasoma maneno matatu, akalifunga. Miaka kumi na moja, mafaili mawili. Akajua moyoni kwamba pale aliposita, pale alipobonya bila kusoma, ndipo alipoifuta kazi ya mzee wa watu.

"Vipi, mkwe?" mzee akauliza.

Ilitakiwa aseme "sijui, baba". Ni neno dogo tu, mtoto wa chekechea analisema mara ishirini kwa siku. Mboje alimfikiria Precious, akawafikiria shemeji zake, akafikiria bango la kibandani, akafikiria mama mkwe nyuma ya ule ukuta, anayesikia kila kitu.

"Baba," akasema, macho kwenye skrini, "pale umeme ulipokatika..."

Akaishia hapo. Hakumalizia. Na ndiyo ubaya wenyewe, maana hakusema uongo hata mmoja ambao ungeweza kumshika nao. Aliwaachia wenyewe wamalizie.

Mzee akageuka polepole, akamtazama Nyanjige aliyekuwa amesimama na shati mkononi.

"Imefutika?" mzee akauliza, bado anamtazama binti yake.

"Ya zamani siioni, baba."

Nyanjige akapiga magoti palepale chini. Hakujitetea. Angejitetea na nini, wakati plagi wote waliiona mkononi mwake? Alilia kwa sauti kama mtu aliyepokea taarifa ya msiba, na jikoni mama yake akaanza kulia pia bila hata kuambiwa nini. Mzee hakupiga wala hakufoka. Alisema kwa Kisukuma, taratibu, kwamba kazi ya miaka kumi na moja Nyanjige ameichomoa kama anavyochomoa pasi, kisha akaingia chumbani kwake akafunga mlango. Mboje akakusanya vifaa vyake. Njiani kurudi Bariadi, juu ya bodaboda, alijiambia kwamba hata hivyo Nyanjige kweli alichomoa, na kuchomoa si vizuri, na pengine ndiyo sababu, nani ajuaye. Mtu akitaka kujidanganya hakosi maneno.

Mzee hakulitaja tena jina la binti yake. Nyanjige akileta maji, hayapokei mpaka yashikwe na mtu mwingine. Wiki ya pili Nyanjige akafunga nguo zake kwenye kanga, akaenda Lamadi, kwa rafiki yake wa kwaya aliyekuwa anauza samaki. Precious ndiye aliyemletea Mboje habari hizo, macho mekundu.

"Dada amesema hawezi kukaa nyumba moja na baba baada ya alichomfanyia," alisema. "Anasema hata akipika anaona mikono yake mibaya."

Mboje alikuwa anakula. Akasukuma sahani, akasema joto limemzidi.

Ikapita miezi miwili. Siku moja akaja kibandani dada mmoja anaitwa Harieth, mtumishi wa serikali, mambo ya TEHAMA, aliyehamishiwa Bariadi kutoka huko kwao Moshi. Alileta simu iliyopasuka kioo. Akiwa anasubiri, Mboje akamuuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya nyanya.

"Hivi, kuna mteja wangu mmoja. Alikuwa na Linux ya zamani, akaweka mpya pembeni, ya zamani ikapotea. Hiyo si ndiyo imefutika moja kwa moja?"

"Aliiona imefutika, au aliona tu haitokei akiwasha?"

"Haitokei."

Harieth akacheka. "Kaka, hiyo wala haijafutika. Linux za zamani zilikuwa ukiweka moja inazunguka diski nzima, inaorodhesha kila iliyomo, halafu unachagua. Hizi mpya nyingi hazijisumbui mpaka uziruhusu. Ni laini moja tu kwenye faili la mipangilio, imeandikwa zisitafute mifumo mingine. Unaigeuza, unaiamuru itengeneze menyu upya, jirani anaonekana. Dakika kumi."

Bisibisi ikasimama mkononi mwa Mboje.

"Lakini mteja aliangalia folda. Lilikuwa tupu. Mafaili mawili tu."

"Moja limeandikwa soma hapa?"

"Kama hivyo."

"Alisoma?"

"Alisoma kidogo."

"Kidogo kiasi gani?" Harieth sasa alikuwa anacheka waziwazi. "Zile za zamani zilikuwa na kufuli la folda la mtu. Humo mmeandikiwa kabisa: limefungwa kulinda kazi zako. Mwenyewe akiwasha mfumo wake wa zamani na kuweka paswedi yake, kila kitu kinarudi. Huyo mteja wako hakusoma."

"Na umeme," Mboje akauliza, "umeme ukikatika katikati ya kazi, hauwezi kuwa ndio uliofuta?"

"Umeme unafuta kazi ya mtu halafu unaacha maelezo mlangoni? Wewe nawe!" Akapokea simu yake, akaikagua, akaondoka anacheka.

Mtu aliyepoteza kitu akiambiwa kipo, hufurahi. Mboje jasho lilimtoka mpaka mgongoni. Kwa muda wa miezi miwili alikuwa amebeba aibu ya kumwangusha mtu ili kuficha kosa lake. Leo anaambiwa hata kosa lenyewe halikuwepo. Alimtupia Nyanjige mzigo ambao ulikuwa hewa tupu. Kama angesema "sijui" siku ile, angerudi Jumatatu akauliza, na Jumamosi iliyofuata wangekuwa wanacheka. Aliona haya hata kukaa mwenyewe kibandani. Akafunga mapema, akamwambia jirani kwamba anaumwa tumbo.

Alikata kauli: atakwenda Nkololo, atairudisha kamusi, na atasema ukweli wote. Mimi naamini alidhamiria. Njia nzima alikuwa anajisemesha maneno, "baba, mimi ndiye", mpaka mwendesha bodaboda akamuuliza kama anaongea na yeye.

Alipofika aliomba kuiona kompyuta. Mzee alikuwa amekonda. Ilikuwa imefunikwa kitambaa, juu yake wameweka redio. Mboje akawasha, akafungua faili lile la mipangilio, akaipata laini, akaigeuza, akaamuru menyu itengenezwe. Akazima, akawasha. Safari hii milima haikuja. Ikaja skrini nyeusi yenye mistari miwili, mfumo mpya juu, wa zamani chini. Akashusha mshale, akabonya. Mashine ikafikiri, ikafikiri, kisha ikafunguka ile rangi iliyokolea ambayo mzee aliijua kwa miaka kumi na moja, ikauliza paswedi.

"Weka, baba," Mboje akasema.

Mzee aliichapa kwa kidole kimoja. Akakosea. Akachapa tena. Folda likafunguka, na kamusi ilikuwa pale, A mpaka Y, na mstari wa mwisho aliouchapa Nyanjige ukiwa umeishia katikati ya neno.

Mzee Ndalahwa alilia. Alimshika Mboje kichwa kwa mikono miwili kama anavyoshikwa mtoto, akamwita mwanangu, si mkwe tena. Jikoni vigelegele vikapasuka. Majirani wakaja kuuliza kuna nini, wakaambiwa mkwilima ameirudisha kamusi iliyokuwa imekufa. Kila mmoja akampa mkono. Na yale maneno aliyoyapanga njiani? Yalikuwa yamekaa ulimini. Kila alipofungua mdomo, mtu alimpa mkono mwingine. Ndivyo alivyojiambia. Ukweli ni kwamba mkono mmoja unaweza kuukataa ukasema, subirini, nina neno.

Kuku akachinjwa. Mzee na Mboje wakakaa sebuleni, chakula kikaletwa, na firigisi, sehemu ya mwenye heshima, mzee akaichukua mwenyewe akaiweka upande wa Mboje.

"Nyanjige aliua," mzee akasema, "wewe umefufua. Kula, mwanangu."

Hapo sasa. Hapo mlango ulikuwa wazi kabisa. Hata mimi ninayesimulia natamani nimfinye. Mboje aliitazama ile firigisi, akaitia mdomoni, akatafuna. Haikushuka. Aliisukuma kwa maji, na machozi yakamlengalenga, na mzee akadhani ni furaha, akampigapiga bega.

"Mimi nilikosea kumnunia binti yangu muda wote huu," mzee akaendelea. "Kazi imerudi, hasira imekwisha. Kesho nenda Lamadi ukamlete. Mwambie baba amemsamehe. Aje aombe radhi, yaishe, amalizie kuchapa. Mimi bila yeye huo mwandiko wangu hata sijui nani atausoma."

Amemsamehe! Mboje akaitikia, "Sawa, baba."

Kesho yake alifika Lamadi saa nne asubuhi. Jua lilikuwa limeshachoma, malori yanapita barabara kuu kwa fujo. Alimkuta Nyanjige sokoni nyuma ya meza ya samaki, kanga kiunoni, anaparua sato kwa kisu, magamba mpaka kwenye nyusi. Alikuwa amekuwa mweusi kwa jua. Alipomwona Mboje alitupa kisu, akatoka nyuma ya meza na, mbele ya watu wote, akapiga magoti kwenye ule udongo uliolowa maji ya samaki.

"Mwangaluka, shemeji."

"Mwangaluka, dada. Inuka, dada, tafadhali."

"Niache nikushukuru!" alisema, haoni aibu, machozi na tabasamu pamoja. "Precious alinipigia jana. Shemeji, wewe hujui umenitoa wapi. Mimi nilikuwa sipati usingizi. Nilikuwa nikifumba macho naiona ile plagi mkononi mwangu. Nilisema Mungu angenikata huu mkono kabla. Umenitoa motoni, shemeji. Sina cha kukupa."

Lakini alikuwa nacho. Akainuka, akachagua sato wanne wakubwa, wale wa mbele kabisa mezani, akawafunga kwenye gazeti na mfuko, akampa kwa mikono miwili. Mwenye meza jirani akasema, "Ndiye huyo mtaalamu?" Nyanjige akajibu kwa majivuno, "Ndiye huyo, shemeji yangu." Mboje akapokea. Mkono wa mtu hupokea wenyewe ukipewa.

Alisimama pale na mfuko, maji ya samaki yanamdondokea kiatuni, na akaona kwamba hii sasa hawezi. Firigisi aliimeza. Hii haimezeki.

"Dada Nyanjige," akasema. "Si wewe."

"Nini?"

"Haukuwa waya. Haikufutika. Haikuwahi kufutika, ilikuwepo siku zote. Mimi ndiye sikujua kuifungua." Alisikia sauti yake ikiwa ndogo, akajilazimisha kuendelea. "Siku ile nilidhani nimeifuta mimi. Nilibonya kitu bila kusoma. Nikaona haya kusema mbele ya baba. Nikawaacha wadhani ni wewe."

Nyanjige hakuelewa mara moja. Alimtazama mdomo wake, kama kiziwi anayefuata midomo ya watu. Mwenye meza jirani aliacha kupepea inzi.

"Kwa hiyo sikuwa mimi?"

"Hapana, dada."

"Sikuwa mimi," akarudia, safari hii hakumwuliza mtu. Akatazama mikono yake, akaigeuza viganja juu, akaigeuza tena. "Ulijua siku ile? Pale nilipopiga magoti kwa baba, ulikuwa unajua?"

"Nilijua si wewe."

"Ukaniangalia tu."

"Nilikuangalia tu."

Mboje alisubiri matusi. Alisubiri hata kofi, na alilitamani. Nyanjige akafuta mkono kwenye kanga, akaingiza kifuani, akatoa simu yake ndogo ya tochi, akabonya namba.

"Ya baba inaita," akasema. "Sema hayohayo. Usipunguze." Akaweka sauti ya nje, akaishika simu mbele ya mdomo wa Mboje.

Simu ikapokelewa. Mtu akakohoa, na Mboje, asije akaishiwa nguvu, akayamwaga yote kwa pumzi moja. "Baba, ni Mboje. Nilikudanganya. Nyanjige hakuharibu kitu. Mimi ndiye sikujua kazi, nikaona aibu, nikamsingizia. Na jana nilipoirudisha nilinyamaza tena. Naomba radhi, baba."

"Baba yako yuko shambani," ikasema sauti. Ilikuwa ya mwanamke. "Simu ameniachia mimi."

Mboje nusura auangushe mfuko. Miaka sita ya salamu za mbali, leo neno la kwanza alilomwambia mama mkwe wake kwa mdomo wake mwenyewe ndilo hili, katikati ya soko, inzi wanamtua usoni. Alitamani ardhi ipasuke. Haikupasuka, pale Lamadi ni changarawe tupu.

"Mama..." akasema.

Mama Mektilda alivuta pumzi ndefu, ikasikika mpaka meza ya tatu.

"Mpe mwanangu simu."

Nyanjige alikuwa nayo mkononi tayari. Akaisogeza kwake, akazima sauti ya nje lakini haikuzimika vizuri, kwa hiyo Mboje akayasikia yote.

"Nyanjige. Umesikia mwenyewe, mwanangu?"

"Nimesikia, mayu."

"Rudi nyumbani. Rudi leo. Nitamwambia baba yako mimi."

Nyanjige alipojibu hakuwa analia, na hilo ndilo lililomuumiza Mboje kuliko kilio.

"Mayu, hakuna hata mmoja wenu aliyeniuliza. Plagi nilirudisha palepale, mashine ikawaka, shemeji akaendelea na kazi mpaka akaimaliza. Mliona wote. Hamkuniuliza."

"Hatukukuuliza," mama yake akasema, na sauti ikakatika. "Hatukukuuliza, mwanangu."

"Basi. Mwambie baba nitakuja siku nitakayoamua mimi, na siji kuomba radhi. Madaftari yake ayaweke pasiponyesha." Akakata.

Mboje alikuwa bado amesimama na mfuko kifuani. Akaanza kusema kwamba hata yeye, kama kuna chochote anachoweza, angependa...

"Lete," Nyanjige akasema.

Hakuelewa. Nyanjige akanyoosha mkono akauchukua ule mfuko, akaufungua, akatoa gazeti, akawarudisha wale sato wanne mezani mmoja mmoja, mbele kabisa, pale alipowatoa. Akawamwagia maji wang'ae. Kuna mama alikuwa amesimama na kikapu muda wote anasubiri, na Nyanjige akamgeukia.

"Karibu, mama. Nikuparulie yupi?"